Ukoo, Wadi na Baraza: Uwakilishi wa Mitaa Shinyalu tangu 1924

Eneo la Shinyalu, lililo mashariki ya mji wa Kakamega na kupakana na msitu unaobeba jina la mji huo, ni makao ya Waisukha, mojawapo ya jamii zinazounda kabila la Waluhya. Historia ya uwakilishi wake katika serikali za mitaa inadhihirisha jambo ambalo wachambuzi wa siasa za Kenya, kwa kuzoea kuhesabu makabila makubwa tu, hulipita upesi: kwamba ukabila hauna kipimo kimoja, bali hupanuka na kusinyaa kulingana na ukubwa wa eneo linalopigiwa kura. Katika uchaguzi wa rais mpiga kura wa Shinyalu huhesabiwa kuwa Mluhya, katika uchaguzi wa gavana huwa Mwisukha, na katika uchaguzi wa wadi huulizwa ni wa ukoo gani.

Kabla ya ukoloni Waisukha hawakuwa na mtawala mmoja, kwa kuwa mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo kama vile Abamahalia, Abamironje na Abitsende, ambao waliamua kesi za ardhi, ndoa na mifugo. Waingereza, walioanzisha utawala wao Mumias, walimtambua Nabongo Mumia wa Wanga kuwa chifu mkuu wa wilaya ya North Kavirondo mwaka 1909, hatua iliyozua chuki ya muda mrefu miongoni mwa jamii ambazo hazikuwahi kuwa chini ya Wanga. Wilaya iligawanywa katika lokesheni, yaani maeneo ya utawala yaliyokuwa kila moja chini ya chifu wake, na chini ya chifu akawekwa liguru, mkuu wa kijiji ambaye kwa kawaida alitoka katika ukoo wenye nguvu mahali hapo. Kwa kuwa lokesheni nyingi zilifuata mipaka ya jamii, ramani ya utawala ikawa pia ramani ya jamii, na mtu asiye wa jamii yenye lokesheni akabaki mgeni katika hesabu za siasa.

Sheria ya mwaka 1924 iliunda Mabaraza ya Wenyeji, vyombo vya wilaya vilivyoongozwa na mkuu wa wilaya Mwingereza, ambamo machifu walikaa pamoja na wajumbe waliopendekezwa na wananchi katika mikutano ya hadhara. Baraza la North Kavirondo liliruhusiwa kutoza ushuru wake lenyewe, na sehemu ya fedha hizo ilisaidia kuanzishwa kwa shule ya serikali ya Kakamega mwaka 1932. Udhaifu wa baraza ulionekana mwaka uo huo: baada ya dhahabu kugunduliwa Kakamega mwaka 1931 na wachimbaji Wazungu kumiminika, serikali iliibadilisha sheria ya ardhi ya 1930, iliyowaahidi wenyeji kwamba ardhi yao haingechukuliwa bila baraza kushauriwa na bila kulipwa ardhi nyingine, ili ardhi yenye madini itwaliwe kwa fidia ya fedha. Wajumbe walioaminiwa kugawa fedha za shule hawakuaminiwa kuamua juu ya ardhi iliyo chini ya miguu yao.

Hata hivyo baraza lilikuwa na matokeo ambayo serikali haikuyakusudia. Ndani yake, na katika vyama vilivyozaliwa na ghadhabu ya dhahabu, watu wa Isukha, Idakho, Maragoli, Bunyore na kwingineko walijifunza kudai haki kwa sauti moja, na jina la Abaluyia (Waluhya), lililoenezwa katika miaka ya 1930 na 1940, likawapa utambulisho mpana kuliko lokesheni. Wilaya iliitwa North Nyanza kuanzia 1948, na katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, Masinde Muliro alimshinda huko Mluhya mwenzake W. W. W. Awori.

Baada ya uhuru wa 1963, madiwani waliochaguliwa na wananchi waliketi katika baraza la kaunti ya Kakamega, ilhali katika manispaa meya alichaguliwa na madiwani wenzake wala si na wapiga kura wote. Utaratibu huo wa kura chache uliwafanya madiwani wa jamii ndogo kuwa na thamani kubwa kuliko idadi yao, maana kura moja au mbili zingeweza kuamua nani avae mkufu wa umeya. Lakini kilichogombewa kilikuwa kikipungua, kwani sheria ya 1969 iliyapokonya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara, na mwaka 1988 mchujo wa chama tawala cha KANU uliendeshwa kwa mlolongo, yaani wapiga kura kupanga foleni nyuma ya mgombea wao hadharani, mbele ya chifu na majirani. Kura ya siri ilirejea katika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 29, 1992.

Shinyalu ilijulikana nchini kote Agosti 27, 2009, wakati uchaguzi mdogo wa ubunge huko na katika jimbo la Bomachoge ulipokuwa jaribio la kwanza la tume ya muda ya uchaguzi iliyoundwa baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008. Mwaka mmoja kamili baadaye katiba mpya ilizinduliwa, na uchaguzi wa Machi 4, 2013 ukaondoa madiwani na mameya, nafasi yao ikachukuliwa na gavana anayechaguliwa moja kwa moja na bunge la kaunti, ambalo huko Kakamega linawakilisha wadi 60. Kati ya wadi sita za Shinyalu, tano zina jina la Isukha, yaani Kaskazini, Kati, Kusini, Mashariki na Magharibi, na ya sita ni Murhanda.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wengi katika kaunti. Kwa sheria hiyo Waluhya wa Kakamega ni kabila moja, wala haiulizi Mwisukha anapata nini mbele ya Mwanga, Mmarama au Mkabras, sembuse ukoo mmoja wa Isukha mbele ya mwingine. Maswali hayo yameachiwa mipaka ya wadi, ambayo muda wa kikatiba wa kuipitia upya ulikwisha Machi 2024 tume ya uchaguzi ikiwa haina makamishna. Na kadiri mipaka hiyo inavyobaki kama ilivyochorwa, ndivyo koo zilizopata wadi zitakavyoendelea kuzishikilia na koo zilizogawanywa kudai upya kuunganishwa.