Neno Kongwe, Kistari Kichanga

Mswahili anayejifunza Kiingereza hushangaa akikutana na "a ten-foot wall". Ukuta una futi kumi, lakini neno lenyewe limebaki katika umoja. Mwalimu humweleza kwamba nomino hapo inafanya kazi ya kivumishi, na vivumishi vya Kiingereza havina wingi. Jibu hilo linatosha kwenye mtihani. Historia ina jibu tamu zaidi: umoja huo ni wingi wa kale uliokatika mkia.

Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, nomino iliyofuata namba mara nyingi ilichukua umbo la umilikishi wa wingi. Waandishi waliandika "fota", na ile irabu ya mwisho ndiyo iliyobeba wingi. Karne zilizofuata, irabu za mwisho zilififia midomoni mwa watu hadi zikanyamaza. Ikabaki "foot", yenye sura ya umoja. Maneno mengine hayakuwa na cha kupoteza. "Year" na "night" yalikuwa na umbo moja katika umoja na wingi, ndiyo maana "fortnight", yaani siku kumi na nne, limetokana na usiku kumi na nne bila "s" yoyote. Hadi leo Mwingereza hutaja uzito wake kuwa "ten stone", si "ten stones".

Mtindo huo ulipozoeleka, maneno mengine yakaufuata, ingawa si yote: "sports car", "arms race" na "savings bank" yameshikilia "s" yake mpaka sasa.

Kistari kinachounganisha "ten" na "foot" kina ukoo tofauti. Wanasarufi wa Kigiriki wa Alexandria waliandika kijipinde chini ya herufi ili msomaji ajue kuzisoma kama neno moja, kwa sababu maandishi ya wakati huo hayakuwa na nafasi kati ya maneno. Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake huko Mainz, kazi iliyokamilika karibu na mwaka 1455, alihitaji alama ya kukatia neno mwishoni mwa mstari. Akatumia vistari viwili vya mshazari na kuvitokeza kidogo nje ya safu, ili ukingo wa herufi ubaki umenyooka.

Kazi ya kuunganisha maneno ndiyo iliyozua ubishi, na ubishi huo una msingi. Chukua zamu za wauguzi. "Twenty four-hour shifts" ni zamu ishirini za saa nne nne. "Twenty-four hour shifts" ni zamu ishirini na nne za saa moja moja. "Twenty-four-hour shifts" ni zamu za mchana na usiku kucha. Herufi ni zilezile. Anayebadilisha ratiba ya hospitali ni kistari peke yake.

Hata hivyo, Waingereza na Wamarekani hawakuwahi kukubaliana kikamilifu jinsi ya kukitumia. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, alilalamikia vurugu hiyo. Gazeti la New York Times lenyewe liliandika jina la mji wake kwa kistari, "New-York", hadi mwaka 1896. Mwaka 2007 toleo la sita la kamusi ya Shorter Oxford liliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000, mengi yakiwa nomino: "ice-cream" ikawa maneno mawili, "bumble-bee" ikawa neno moja.

Kivumishi kinachotangulia nomino kimekuwa kigumu zaidi kung'olewa kistari. Mwaka 2019 shirika la habari la Associated Press lililegeza kanuni zake na kuruhusu "first quarter touchdown" bila kistari. Wahariri na wasomaji walipinga vikali, na mwaka huohuo shirika likarudi nyuma: "first-quarter" ikarejeshewa kistari chake.