Kwa nini maji ya Mar Menor yaligeuka kijani na samaki wakafa

Mar Menor ni laguni, ni kusema ziwa la maji ya chumvi pembeni ya bahari, kusini-mashariki mwa Hispania, huko Ulaya. Ina ukubwa wa kilometa mraba 135 hivi, lakini kina chake hakipiti meta 7. Ukanda mwembamba wa mchanga unaitenga na bahari ya Mediterania. Njo maana maji yake yanabadilika polepole sana: uchafu ukiingia, unakaa.

Mbolea ilitoka wapi?

Mwaka 1979, maji ya mto Tajo yalianza kuletwa kwa mfereji. Mashamba makavu ya upande wa Cartagena yakawa mashamba ya kumwagilia: letisi, brokoli, matikiti. Wakulima wanaweka mbolea mingi. Ile ambayo mimea haikunywa inashuka na mvua mpaka kwenye laguni, ingine inapitia chini ya udongo. Maji machafu ya miji na kinyesi cha nguruwe wa kufugwa viliongeza mzigo.

Samaki wanakufa namna gani?

Mbolea inalisha letisi, inalisha pia mwani, majani madogo sana ya majini ambayo moja moja hayaonekani kwa macho. Jua likiwa kali, mwani unazaana haraka. Mwaka 2016 maji yakawa kama supu ya kijani. Mwanga haukufika chini, na karibu asilimia 85 ya majani ya chini yakafa. Kila kinachooza humo, bakteria zinakimaliza kwa kutumia oksijeni ya maji.

Mwezi wa 9, 2019, mvua kali zikasukuma matope na mbolea. Tarehe 12 mwezi wa 10, samaki na kaa wakakimbilia ukingoni kutafuta hewa, wakafia pale, tani 3 hivi. Mwezi wa 8, 2021, vifo vikarudi, hata bila mvua kubwa.

Nani analipa?

Wavuvi walipata hasara, hata kama mbolea haikutoka kwao. Wakaaji wakakusanya saini zaidi ya 600,000. Mwaka 2022 bunge likapitisha sheria inayoipa Mar Menor haki kama mtu: mwananchi yeyote anaweza kupeleka mashtaka kwa jina lake.

Kivu na Tanganyika ni maziwa ya kina kirefu, si kama laguni ile. Lakini kwenye vighuba vyenye maji kidogo, kanuni ni ileile: kinachomwagwa mlimani, mvuvi njo anakikuta kwenye wavu.