Chama cha Baba na Mwana: Tarehe Yake na Deni Lake

Methali ya Kiswahili yasema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika maneno hayo machache mama ametajwa na ulimwengu umetajwa, lakini baba hakutajwa. Huenda aliyeitunga methali alimhesabu baba kuwa sehemu ya ulimwengu. Huenda alimwona yuko safarini, au baharini, au katika shughuli zinazomrudisha nyumbani watoto wakiwa wamekwisha kulala. Iwe iwavyo, pengo hilo la baba si la pwani ya Afrika ya Mashariki peke yake. Katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, nchini Marekani, pengo hilohilo lilionekana mwanzoni mwa karne ya 20, na katika mwaka 1926 kikaundwa chama cha kuliziba. Tarehe ya chama hicho ina fundisho tamu na fundisho chungu, na si haki kulimeza la kwanza na kulitema la pili.

Ili kuelewa sababu ya kuzaliwa kwake, yafaa kwanza kutazama hali ya Marekani ya wakati ule. Hesabu ya watu ya mwaka 1920 ilionyesha, kwa mara ya kwanza katika nchi hiyo, kuwa wakazi wa mijini walikuwa wengi kuliko wakazi wa mashambani. Mabadiliko hayo hayakuwa ya makao tu. Shambani, mtoto alimwona babaye akilima, akichonga mpini, akimtibu ng'ombe na kusoma dalili za mvua. Alijifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa masikio. Mjini, baba alitoka asubuhi na kurudi jioni, na kazi aliyoifanya kiwandani au afisini ilikuwa siri kwa mwanawe. Mtoto alikula matunda ya kazi ya babaye pasipo kuuona mti wenyewe.

Jambo la pili lililobadilika lilikuwa wakati wa mapumziko. Kwa wafanyakazi wengi Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Katika mwaka huohuo wa 1926 Henry Ford aliwapa wafanyakazi wa viwanda vyake siku mbili za mapumziko katika kila juma, na sheria ya kazi ya mwaka 1938 ikaweka njia ambayo kwayo, kufikia mwaka 1940, saa za kawaida za kazi katika viwanda vingi vya nchi hiyo zilikuwa 40 kwa juma. Hivyo baba wa mjini alianza kupata kitu ambacho babaye hakukipata, yaani siku mbili zisizo na bwana. Swali lilikuwa: atazitumia na nani?

Vyama vya watoto vilikuwapo. Ernest Thompson Seton alianzisha chama chake cha maisha ya msituni katika mwaka 1902, na maskauti wa Marekani wakaanza katika mwaka 1910. Vyama hivyo vilimfundisha kijana kuwasha moto, kufuata nyayo na kusaidia wenziwe, na manufaa yake hayakanushiki. Lakini vilimtoa mtoto nyumbani na kumweka katika mikono ya kiongozi. Baba aliyetaka kuwa mzazi mwema aliweza kulipa ada, kumnunulia mwana sare, kumfikisha mlangoni na kurudi zake. Pengo lilipambwa, halikuzibwa.

Aliyelitambua jambo hilo alikuwa Harold Keltner, mtumishi wa Jumuiya ya Vijana wa Kikristo, ijulikanayo duniani kwa herufi YMCA, katika mji wa St. Louis. Keltner alipenda kuwinda na kuvua, na safari zake zilimfikisha Kanada, katika jimbo la Ontario. Huko aliongozwa na Joe Friday, mtu wa kabila la Waojibwe, mwenyeji wa pande za Ziwa Temagami. Waojibwe, ambao kwa lugha yao ni miongoni mwa Waanishinaabe, ni mabingwa wa maji na misitu: mitumbwi yao iliundwa kwa magome ya mti wa birch, mepesi kiasi cha mtu mmoja kuweza kuubeba mtumbwi begani kutoka ziwa moja hadi la pili, na mpunga wa mwitu waliuvuna kutoka ndani ya mitumbwi hiyo kwa kuyapiga masuke kwa vijiti. Kazi ya namna hiyo haifundishwi kwa kitabu. Hufundishwa na mkubwa aliyeketi nyuma ya mtumbwi kwa mdogo aliyeketi mbele yake.

Habari zilizohifadhiwa na chama zasimulia kuwa usiku mmoja, Keltner na Friday walipokuwa wakiota moto, Friday alisema neno lililomchoma mwenzake. Alisema kuwa kwao baba ndiye amleaye mwanawe. Humfundisha kuwinda, kuvua, kufuata nyayo, kwenda msituni kimya kimya, na kuijua maana ya maisha. Ilhali mzungu humwachia mama kazi hiyo. Neno hilo halikuwa tusi, wala halikumdharau mama. Lilikuwa ushahidi wa mtu aliyewaona mabwana wengi wa mjini wakija ziwani na fimbo zao za kuvulia, wakiwa wamewaacha wana wao nyumbani.

Keltner alimwalika Friday St. Louis ili aseme na vijana na baba zao. Ikadhihirika kuwa baba walisikiliza kwa hamu ileile ya watoto. Basi katika mwaka 1926, katika kitongoji cha Richmond Heights, kikundi cha kwanza kikaundwa kwa msaada wa Friday, na mkuu wake akawa William Hefelfinger. Chama kiliitwa Indian Guides. Jina hilo lilitokana na kosa la kale la Columbus, ambaye alidhani amefika Bara Hindi, akawaita Wahindi watu ambao hawakuwa Wahindi. Tangu siku ya kwanza, basi, chama kilibeba katika jina lake kosa ambalo hakikulitenda chenyewe.

Sharti lake kuu lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulitimiza: baba haji bila mwana, wala mwana haji bila baba. Baba wachache wa mtaa mmoja walikutana pamoja na watoto wao, mara nyumbani kwa huyu, mara nyumbani kwa yule. Kila kikundi kiliitwa kabila, kikawa na mkuu wake, karani wake na mtunza fedha wake. Mikutano ilifunguliwa kwa ngoma, watoto wakaeleza habari zao mmoja mmoja huku watu wazima wakinyamaza, kisha ikafuata kazi ya mikono, hadithi na mchezo. Baba na mwana walichagua majina yanayopatana, huyu akijiita mkubwa na yule mdogo wa mnyama mmoja au nyota moja. Katika kuchagua jina la pamoja, watu wawili waliokuwa wakiishi nyumba moja kama wapangaji walikumbuka kuwa ni wa ukoo mmoja.

Lakini utamu wa chama ulikuwa katika matembezi. Mara chache kwa mwaka makabila kadha yalikusanyika na kwenda kambini, siku ya Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Huko baba aliyezoea kutoa amri afisini alijikuta hajui kufunga hema, na mwanawe akamwona hajui. Hilo si jambo dogo. Mtoto wa mjini humjua baba kama mtu anayejua kila kitu kwa sababu hajapata kumwona akijaribu kitu. Kambini alimwona akihangaika na kuni mbichi, akitegua ndoana iliyokwama katika mzizi, akiteleza matopeni na kucheka. Alimwona akiogopa radi kidogo, na akiificha hofu hiyo kwa ajili ya mwanawe. Mtoto hujifunza ushujaa kwa namna hiyo, kwa kumwona mtu aogopaye akifanya ipasavyo, wala si kwa hotuba.

Baba naye alijifunza. Katika mtumbwi wa watu wawili hakuna anayeweza kuondoka kwenda kusoma gazeti. Mmoja akipiga kasia kwa nguvu na mwingine akalegea, chombo huzunguka. Usiku, moto ulipofifia, maswali ambayo mtoto hakuyauliza nyumbani yalitoka yenyewe: kwa nini babu alikufa, nyota ziko mbali kiasi gani, baba alipokuwa mdogo aliogopa nini. Giza huwapa watoto ulimi, na baba aliyekuwapo ndiye aliyesikia.

Kwa kuwa haja ilikuwa ya kweli, chama kilienea miji mingi ya Marekani. Punde ikaonekana kuwa binti naye ana haki ya matembezi. Katika mwaka 1951 kikaanza kikundi cha mama na binti huko South Bend, jimbo la Indiana, na katika mwaka 1954 kikundi cha baba na binti huko Fresno, jimbo la California. Watoto walioketi mbele ya mtumbwi walikua, na baadhi yao wakarudi wakiwa wameketi nyuma.

Hapa ndipo fundisho chungu linapoanza. Katika miaka ileile ambayo baba wa St. Louis walifundishwa na Mwojibwe namna ya kukaa na wana wao, Waojibwe wenyewe walikuwa wakinyang'anywa wana wao. Sheria ya Kanada ya mwaka 1920 iliipa serikali uwezo wa kuwalazimisha watoto wa wenyeji wa asili, wa miaka 7 hadi 15, kwenda shule, na wengi wakapelekwa shule za bweni zilizokuwa mbali na kwao. Huko walikatwa nywele, wakakatazwa lugha zao, na wengi hawakurudi hai. Tume ya ukweli na upatanisho ya Kanada, iliyomaliza kazi yake katika mwaka 2015, ilieleza kuwa zaidi ya watoto 150,000 walipitia shule hizo. Marekani hali ilikuwa ya namna hiyo. Shule ya Carlisle, iliyofunguliwa katika mwaka 1879, ilikuwa kielelezo cha nyingine nyingi. Na taarifa ya uchunguzi iliyotolewa katika mwaka 1928, miaka miwili baada ya kuzaliwa kwa chama, ilieleza kuwa kima cha chakula katika shule za bweni kilikuwa kama senti 11 kwa siku kwa mtoto mmoja.

Yaani malezi yaliyosifiwa sebuleni Richmond Heights yalikuwa yakivunjwa kwa sheria kwenye chimbuko lake. Baba mmoja alitiwa moyo aige. Baba wa pili, mwenye asili, alikatazwa. Hata ngoma haikusalimika. Kanada ilizipiga marufuku baadhi ya sherehe za wenyeji tangu mwaka 1884, na marufuku hayo hayakuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1951. Wakati wote huo watoto wa kizungu walipiga ngoma zao vikundini bila kuulizwa na mtu. Wala ardhi haikusalimika: Kisiwa cha Bear, katika Ziwa Temagami, ambapo jamaa za Friday waliwaongoza watalii, hakikutambuliwa na serikali kuwa ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wenyeji wake mpaka mwaka 1971.

Hakuna sababu ya kudhani kuwa Keltner na wenziwe walikuwa na nia mbaya. Walisifu heshima, subira na upendo wa jamaa, na sifa hizo walizitaka kweli. Kosa lao lilikuwa kuchukua vazi pamoja na fundisho, na kumsahau mwalimu. Na vazi lenyewe walilichanganya. Kofia ndefu za manyoya ya tai ni za watu wa nyika, wala si za Waojibwe wa maziwani. Na huko nyikani kila unyoya hutolewa kwa tendo lililoshuhudiwa, haununuliwi dukani. Mtu akizua mchezo kwa kanzu ya kasisi au joho la kadhi, wenye dini hawatauliza nia yake kwanza.

Wenyeji wa asili walisema hivyo kwa miaka mingi, na sauti zao zilisikika zaidi tangu miaka ya 1970. Katika mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia watoto wao wasitolewe ovyo katika jamaa na makabila yao. Chama kilichelewa zaidi. Katika mwaka 2003 YMCA ilibadilisha jina la mpango huo, ukaitwa Adventure Guides, na manyoya, ngoma na majina ya kuigiza yakawekwa kando. Baadhi ya vikundi havikukubali, vikatoka katika YMCA na kuendelea na desturi za zamani. Wapo baba waliohuzunika kwa dhati, kwani utepe wa kichwani ulikuwa ukumbusho wa utoto wao na wa baba zao waliokwisha kufa. Huzuni hiyo yastahili heshima, lakini haiwezi kuwekwa mizani moja na huzuni ya mama aliyepelekewa habari kuwa mwanawe amezikwa shuleni.

Mabadiliko hayo yalitoa jibu kwa swali lililokuwa gumu kwa wengi: je, chama kingekufa manyoya yakivuliwa? Hakikufa. Baba na watoto waliendelea kwenda kambini, mitumbwi ikaendelea kuzunguka pale mmoja alipolegea, na maswali yakaendelea kutoka gizani. Ikathibitika kuwa alichokitoa Joe Friday kando ya moto hakikuwa vazi. Kilikuwa neno juu ya wajibu wa baba, na neno hilo halikuhitaji mapambo.

Tarehe hii, basi, yawahusu watu wote wanaoazima jambo jema kwa jirani. Kuazima si aibu, kwani hakuna taifa lililojifunza kila kitu peke yake. Lakini mwenye kuazima mbegu humtaja aliyempa, na humuuliza hali ya shamba lake. Baba wa St. Louis walipewa mbegu njema, wakaipanda, ikaota. Deni lililobaki ni kwa watoto wa upande wa pili wa ziwa, ambao baba zao walikuwa na neno lilelile vinywani mwao, wasipate wa kuwaambia.