Skrubu za mjomba

Leo tuweke simu kando tuzungumze juu ya mgongo.

Mjomba wangu alikuwa mgema kule Msambweni. Mwaka 2019 alianguka kutoka mnazini, pingili moja ikapasuka, akafanyiwa upasuaji wa kuunganisha mifupa. Nilipoona eksirei yake, skrubu nne na fito mbili, swali lililonijia (ndiyo maradhi yetu waandika programu) lilikuwa: daktari alijuaje pa kulenga? Njia ya skrubu ni mfupa wa milimita chache tu, na neva ziko ubavuni.

Kuunganisha pingili si jambo la jana. Mwaka 1911 huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee waliwaunganisha wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo kwa vipande vya mfupa, bila chuma. Paul Harrington wa Houston akaleta fito za chuma, na mwaka 1963 Mfaransa Raymond Roy-Camille akaanza kupitisha skrubu ndani ya pingili. Kulenga kulikuwa kwa mkono, jicho na eksirei.

Kompyuta iliingia miaka ya 1990. Wavuvi wa Diani wataielewa upesi: ukitaka kupata mlango wa mwamba, unalinganisha alama mbili za nchi kavu. Hapa kamera hufuata vijitufe vilivyofungwa kwenye mfupa na kwenye kifaa cha daktari, nayo programu hulinganisha mfupa ule na picha ya CT. Hesabu yenyewe ni ile ya kuzungusha na kusogeza tuliyosoma chuoni. Lakini vijitufe vya mfupani vikigongwa kidogo, ramani yote inasema uongo. Mimi programu yangu ikikosea naanzisha upya!

Roboti ya SpineAssist, ya kampuni ya Mazor ya Israeli, ilipata kibali Marekani mwaka 2004. Wengi hudhani roboti ndiyo inayopasua. La. Ilikuwa na ukubwa wa kopo la soda, inashika mwelekeo tu, anayetoboa ni daktari.

Na huku kwetu? Roger Härtl, mpasuaji wa New York aliyeandika mengi kuhusu ramani hizi, ameshirikiana na madaktari wa MOI, Dar es Salaam, tangu 2008. Kazi kubwa pale imekuwa mafunzo, na naona ndivyo ipasavyo.

Skrubu za mjomba zilitiwa kwa mkono na eksirei. Anatembea. Kisu cha kugemea amekitundika ukutani, hataki kiguswe.