Osiloskopu ya zamani: je, yamfaa anayeanza kujifunza elektroniki?

Kijana anayetengeneza redio, chaja na taa za sola huko Nakaloke, kandokando ya barabara itokayo Mbale kuelekea Kumi, huanza kazi akiwa na mita tu. Mita humwarifu kwamba volti 5 zipo. Haimwarifu kwamba volti hizo zinatetemeka. Hapo ndipo haja ya osiloskopu hujitokeza, yaani chombo kinachochora kwenye skrini jinsi volti zinavyopanda na kushuka kadiri muda unavyopita. Kilicho kipya ni ghali. Je, cha dijitali kilichokwisha kutumika maabarani kwa miaka 20 au 30 chafaa kununuliwa?

Kwa kazi nyingi za anayeanza, chafaa. Umeme wa nyumbani Uganda huenda kwa hezi 50, na sauti tuisikiayo haivuki kilohezi 20. Tektronix TDS 210, iliyotoka katika miaka ya 1990, ina njia mbili za kuingizia mawimbi, hufika megahezi 60 na huchukua sampuli bilioni 1 kwa sekunde. Huyo fundi wetu hataimaliza upesi.

Lakini tarakimu kubwa iliyoandikwa usoni mwa mashine yaweza kupotosha. HP 54600, ya mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo, imeandikwa megahezi 100, ilhali huchukua sampuli milioni 20 tu kwa sekunde. Yawezekanaje? Wimbi linapojirudia bila kubadilika, mashine huokota kipande huku na kipande kule, kisha huviunganisha hata picha ikakamilika. Tukio litokealo mara moja halitoi nafasi hiyo. Sampuli moja na inayofuata hutenganishwa na nanosekunde 50, basi pigo la nanosekunde 20 laweza kupita katikati lisionekane kabisa. Kwa hiyo muuzaji aulizwe kwanza idadi ya sampuli kwa sekunde, ndipo aulizwe megahezi.

Mnunuzi asilipe kabla mashine haijawashwa mbele yake na kuachwa ipate joto. Ahakikishe inakubali volti 240, kwa kuwa baadhi ya zile zitokazo Marekani huwa zimepangwa kwa volti 120. Kisha aguse kwa probu kile kichomeo cha majaribio kilicho usoni mwa mashine: kwa kawaida hutoa wimbi la mraba la kilohezi 1, na pembe zake zikiwa zimelala, skrubu ndogo ya probu hurekebishwa. Probu zenyewe zihesabiwe katika bei. Mashine isiyo na probu si rahisi kama isemwavyo.

La hatari zaidi ni kibanio cha waya wa ardhi. Katika mashine nyingi za mezani kibanio hicho kimeungwa moja kwa moja na bodi ya chuma na pini ya ardhi ya plagi. Kikibanwa upande wa chaja unaopokea umeme wa ukutani, ambao kilele chake hukaribia volti 340, huzuka shoti papo hapo. Wapo wanaokata pini ya ardhi ili kuikwepa. Hao hugeuza bodi nzima kuwa waya wa umeme unaosubiri mkono. Anayeanza apime kwanza saketi zinazoendeshwa kwa betri.