Utupa wa Rungwe: dawa ya kupe iliyoyashinda majosho kwa umri

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Unyakyusa, nchi ya Rungwe, mwaka 1879, aliisifu nchi ile kwa migomba yake na usafi wa makazi. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, na mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe. Kisha sotoka ya miaka ya 1890 ikafagia mifugo Afrika Mashariki nzima.

Sotoka ilikwisha, ndigana kali ikabaki. Mwaka 1904, huko Afrika Kusini, Charles Lounsbury alithibitisha kwamba inaenezwa na kupe wa kahawia, yule anayejibanza sikioni. Hapo ndipo majosho yalipopata kazi, na serikali zikayajenga vijijini. Ng'ombe wa asili walikuwa wakistahimili kiasi. Chotara wa maziwa, wanaofugwa leo kuzunguka Tukuyu, hawana ubavu huo: tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na asipotibiwa mapema hufa.

Miaka ya 1980 na 1990 huduma za serikali zilipopungua, majosho mengi yalikauka, na dawa ya dukani ikawa na bei yake. Utupa haukuwa na bei. Kichaka hiki cha jamii ya kunde, chenye maganda yenye manyoya, ni sumu ya samaki ya tangu zamani, na nguvu yake hutokana na sumu za jamii ya rotenoni, zinazoua kupe pia. Majani mabichi hutwangwa, hulowekwa, huchujwa, huongezwa sabuni kidogo ili maji yashike kwenye manyoya. Ng'ombe huoshwa kwa kitambaa: ndani ya masikio kwanza, kisha mapajani na chini ya mkia. Anayeanzia mgongoni anapoteza dawa.

Tusiupe utupa sifa usizostahili. Hautibu ndigana iliyokwisha kuingia. Hapo aitwe daktari wa mifugo. Nguvu yake hutofautiana kichaka kwa kichaka, na haudumu mwilini mwa ng'ombe, hivyo kuosha ni kazi ya kurudia. Lakini kama kinga ya mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili, nauona una nafasi yake.

Utupa bado ni sumu ya samaki, na Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Basi ewe mfugaji, maji uliyooshea ng'ombe yamwage shambani, mbali na mto Kiwira na vijito vyake.