Ndege Iliyokuwa Banda la Kuku

Nilipoambiwa ndege hii ilikuwa banda la kuku, nilicheka. Ni Halifax, ndege ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili, katika makumbusho ya Elvington, Uingereza. Kipande cha kiwiliwili kilitoka kisiwa cha Lewis, Uskoti, kilikofugiwa kuku. Mabawa ni ya Hastings, ndege nyingine kabisa (ya kiwanda kilekile, angalau). Watu wa kujitolea waliunganisha vipande kwa miaka mingi, wakaizindua Ijumaa, 13 Septemba 1996. Jina lake, Friday the 13th, siku ya nuksi kwa Wazungu, limeazimwa kwa Halifax iliyomaliza safari 128 za vita kisha ikageuzwa chuma chakavu.

Sasa hii ni ya kweli? Zilitengenezwa zaidi ya 6,000. Kikosi cha mabomu kilipoteza watu 55,573, na ndugu wa waliorukia Halifax hawakubakiziwa hata moja nzima ya kwenda kuitazama. Mfuga kuku alitunza kuliko serikali. Mimi naikubali, na mabawa yake ya kuazima.